Santuri ya Bugi la Mkonge

Hapo zamani, na si zamani ile ya wanyama kusema, bali zamani ya suruali pana chini na viatu vya kisigino kirefu hata kwa wanaume, palikuwa na bendi mjini Tanga. Mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa. Bendi iliitwa Wana Mkwaruzo. Msiniulize kama ilikuwa nzuri. Ilikuwa ya Tanga, jibu mnalo.

Miji mingine ilikuwa na bendi za kubembeleza. Sisi tulikuwa na Shemhilu. Huyu bwana alichukua wembe akachana karatasi ya spika yake kwa makusudi, gita likaacha kulia kitoto, likaanza kukwaruza kama mashine ya kuchambua singa za mkonge. Wenye wivu wakasema ameiga roki ya Ulaya. Nani aige? Nyimbo zake alizitoa kwenye kambi za mkonge, kwa watu waliotoka mbali, waliokaa jioni wakiimba uchungu wao, mstari mmoja wakiurudia mara mbili na wa tatu ukijibu. Na hao wa Ulaya nao, nijuavyo mimi, walichota kwa weusi wenzetu waliokuwa wakichuma pamba ng'ambo. Sasa nitafutieni mwizi ni nani.

Santuri yao kubwa ni moja tu, *Bugi la Mkonge*. Ilirekodiwa papo kwa papo, ukumbini, watu wakiwemo. Bugi, kwa nyinyi mliozaliwa juzi, ni dansi la mchana wa Jumapili, la vijana ambao usiku wasingeruhusiwa kutoka. Ukiisikiliza santuri ile unasikia kila kitu. Unasikia chupa ya soda inaanguka. Unasikia mtu anamwita mwenzake aliyekanyagwa. Unasikia Tanga yenyewe, ikiwa kijana.

Miaka ikapita. Santuri zikachakaa, nyingine zikavunjika, nyingine zikaazimwa na hao waja leo waondoka leo, wakaondoka nazo. Ikabaki moja nzima, ya Shemhilu mwenyewe. Kila Jumapili baada ya alasiri iliwekwa kwenye gramafoni barazani kwake, Ngamiani, na sisi tukasikiliza.

Na desturi yetu ilikuwa hii. Santuri ikishapigwa, kila mtu anatoa maoni yake, na atakayesema vyema kuliko wenzake anakwenda nayo. Inalala kwake wiki nzima, imefungwa kwenye kanga, na Jumapili anairudisha. Wengine hata gramafoni hawakuwa nayo. Ililala tu kwao, kama mgeni wa heshima, na jirani walikuja kuitazama.

Basi tukabishana. Fundi cherehani akasema upande wa kwanza ndio wenye nyimbo, wa pili una kelele. Mwalimu mmoja mstaafu akasema gita linazungumza peke yake kupita kiasi, kama mlevi aliyeshika mlango wa watu. Akajibiwa kwamba mlevi wa namna hiyo afunguliwe mlango, kwa kuwa ana habari. Mwuza kahawa akasema makofi ya watu yanachelewa. Akaambiwa hayo ni makofi ya mji wa raha, yana haraka ya nini? Mimi mwenyewe nimelala na santuri ile mara nyingi, sisemi ngapi, nisije nikaonekana najisifu.

Lakini mpenzi na mpinzani, wote walinyamaza mahali pamoja. Upande wa pili, wimbo wa "Singa". Gita linapanda, linapanda, na linapokaribia kileleni linakatika. Kimya cha gita, kimya cha besi. Inabaki ngoma peke yake, du, du, du. Kisha sauti ya mwanamke inaanza kuimba, ukumbi mzima unamfuata, hakuna chombo, ni watu tu na ngoma. Wanaimba, wanaimba. Halafu gita linaingia ghafla juu ya sauti zao, na hapo mwenye machozi huyafuta. Mimi ninayo, na siyaonei haya.

Sikilizeni ilivyokuwa. Umeme ulikatika.

Wana Mkwaruzo walikuwa na sheria yao: umeme ukikatika kila mtu aache kupiga na akikumbatie chombo chake, maana siku moja tarumbeta liliibwa kwenye tafrani. Lakini siku ile mpiga ngoma wao alikuwa amelala na malaria, wakamwazima Ngatunga, Mngoni kijana kutoka kambi ya mkonge. Sheria hawakumwambia. Umeme ukakatika, wenzake wakakumbatia vyombo, yeye akaendelea. Kwao mpigaji hakatizi ngoma. Ngoma hukatizwa na wachezaji, na wachezaji walikuwa bado wamesimama.

Watu wakaanza kuguna na kuelekea mlangoni. Ndipo binti mmoja, Zuhena, akaimba, ukumbi ukamfuata, mpaka umeme uliporudi na gita likaingia.

Na pembeni alikuwa Semhando, fundi mitambo wa kituo kimoja cha utangazaji, na mashine yake ya kurekodia, ya betri. Betri hazijali umeme wa mjini. Tepu ikaendelea kuzunguka, ikayameza yote. Baadaye yeye ndiye aliyeipeleka kiwandani, ikawa santuri.

Sasa twende kwenye shauri lenyewe. Shemhilu alizeeka, na mwanawe akaja kumchukua akaishi naye Dodoma. Jumapili ya mwisho akatuambia:

"Santuri siendi nayo. Huko hakuna wa kuibishania, na santuri isiyobishaniwa ni sahani. Wala haitazunguka tena. Kila wiki mikono mipya, kila wiki mkwaruzo mpya. Ukiingia mmoja pale gita linaporudi, basi, tena hatutasikia. Nataka ikae kwa mtu mmoja mpaka afe. Yeye ndiye atakayesema ipigwe lini na isipigwe lini. Na mtu huyo nataka awe yule aliyeufanya wimbo ule uwe wimbo."

Fundi cherehani akasema, "Si wewe huyo, mzee?"

"Mimi mnitoe," akasema Shemhilu. "Wimbo ulipokuwa unakufa, mimi nilikuwa nimekumbatia gita."

Akasimama Ngatunga, mzee sasa, mikono bado ya mkata mkonge. Akasema:

"Ndugu zangu, pale kila kitu kilipokufa, kilichobaki kilikuwa mimi. Ningeacha, Zuhena angeimba juu ya nini? Na mnajua nilichopata. Jioni ileile Shemhilu alinifukuza kwa kuvunja sheria, hata tepu hajaisikia. Jalada la santuri lina jina la yule aliyekuwa na malaria. Wajukuu zangu wanasikia ngoma, wanasoma jina la mtu mwingine, wananiona mwongo. Ikilala kwangu, watauliza kwa nini, na mji mzima utawajibu. Nani alistahili kama si mimi?"

Shemhilu akainamisha kichwa. "Kweli nilimfukuza," akasema. "Niliisikia tepu baada ya mwezi, na yeye alikuwa amekwisha kurudi kambini. Sikumfuata. Niliona haya."

Akasimama Bi Zuhena, kanga begani, mama wa watu wazima. Akasema:

"Kaka Ngatunga, ngoma yako naiheshimu. Lakini ngoma peke yake ingewasindikiza watu mlangoni. Walikuwa wanatoka. Nani aliwarudisha? Nani aliyefungua kinywa mbele za watu, mtoto wa kike, bila kipaza sauti? Santuri ilipotoka, wimbo ukapigwa redioni. Wakwe zangu watarajiwa wakaitambua sauti yangu. Wakasema hawamwozeshi mwana wao mwimba madansini, posa ikavunjwa. Niliolewa baadaye, alhamdulillahi, na aliyenioa alinioa kwa sauti hiyohiyo. Lakini mama yangu alikufa akiamini nimemwaibisha. Nani alistahili kama si mimi?"

Akasimama Semhando, mwembamba, miwani puani. Akasema:

"Dada Zuhena, sauti yako naijua kuliko unavyoijua wewe. Lakini nawauliza, ngoma ile iko wapi leo? Sauti ile iko wapi? Kila Jumapili watu waliimba Tanga hii, na kila Jumatatu nyimbo zilikwisha kusahauliwa. Nyinyi mlikuwa na upepo. Mimi ndiye niliyeushika. Na tepu ile haikuwa yangu. Nilipewa ili nirekodie hotuba ya mkubwa mmoja siku ya pili yake, na nilipofika kwenye hotuba tepu ilikuwa imejaa 'Singa'. Nikaambiwa futa, urekodi juu yake. Nikakataa. Nikafukuzwa kazi, na kazi ile sijaipata tena. Ukubwa wangu wote nimeutumia kutengeneza redio za watu. Nani alistahili kama si mimi?"

Baraza likaguna. Kila aliyesema alionekana ndiye, mpaka asimame mwingine.

Hapo mwalimu mstaafu, mpinzani wa siku zote, akasema, "Mbona hamsemi na upande wa pili wa shilingi? Ngatunga, hebu sema kweli. Ungeijua sheria, ungeendelea?"

Ngatunga akafikiri. "Ningeijua ningeacha," akasema. "Nilikuwa mgeni, nilitaka kazi."

"Basi uliendelea kwa kutojua. Na wewe, Bi Zuhena, uliimba kwa ujasiri au vipi?"

Bi Zuhena akacheka mpaka akajifunika kanga. "Mwalimu, umeyapata wapi hayo? Ami yangu alikuwa akiuza mkaa mkabala na mlango. Nyumbani nilisema nakwenda kumtazama mgonjwa. Watu wangetoka vile kweupe, ningeonekana. Niliimba ili mlango usifunguliwe. Haya, nimesema."

"Basi uliimba kwa woga. Na Semhando, tepu ya watu?"

"Niliichukua bila ruhusa," akasema Semhando. "Neno lake ni wizi. Lakini hakuna aliyenisukuma. Katika sisi watatu, mimi peke yangu nilijua nifanyalo."

"Kujua unafanya kosa ndiko kunakukuza?" akauliza Ngatunga.

"Na kutojua kunamkuza nani?" akajibu Semhando.

"Woga wangu uliwashinda nyote," akasema Bi Zuhena. "Mtu huulizwa alichotenda, haulizwi alichoogopa."

Shemhilu akainua mkono. Akaiweka santuri kwenye gramafoni, upande wa pili, akashusha sindano. Tukasikiliza. Gita likapanda, likakatika. Ikaja ngoma, na Ngatunga akakaa wima kama bwana harusi. Ikaja sauti, na Bi Zuhena akafumba macho. Semhando yeye hakutazama mtu, aliitazama ile sahani inavyozunguka, huku midomo yake ikitabasamu. Wapita njia wakasimama. Mtoto wa jirani akauliza ni watu gani hao, na mama yake akamwambia, "Ni sisi." Nawaambieni, nimekwenda miji mingi, nimesikiliza santuri za watu wakubwa wenye majina, na nilikaa pale nikajua kwamba hakuna walichotuzidi.

Gita likarudi. Likaisha. Makofi yakaisha.

Shemhilu akaitoa santuri, akaipangusa, akaifunga kwenye kanga. Wazee wale watatu wakanyoosha mikono kwa pamoja, kisha kwa pamoja wakaona haya wakairudisha. Fundi cherehani akapendekeza wapeane zamu. Shemhilu akakataa, akasema zamu ndiyo inayoiua. Baraza likagawanyika, huku ngoma, huku sauti, huku tepu, na waliokuwa marafiki wa miaka wakaanza kuitana "bwana".

Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye maneno," akasema, "uliyelala nayo kuliko wote. Mwanangu anawasha gari. Nimkabidhi nani?"

Na mimi, ambaye Tanga nzima hainijui kwa kunyamaza, nikawatazama mmoja mmoja. Nikimtazama Ngatunga, namwona aliyenyimwa jina. Nikimtazama Bi Zuhena, namwona aliyerudisha watu kutoka mlangoni. Nikimtazama Semhando, namwona ambaye bila yeye nisingekuwa na cha kujivunia hata leo hii ninapowasimulia.

Gari linanguruma. Mzee amesimama na kanga mikononi, na mbele yake wamesimama yule aliyeushikilia wimbo kwa kutojua, yule aliyeuokoa kwa woga, na yule aliyeuhifadhi kwa kuiba. Msiniambie "wote", maana santuri ni moja. Msiniambie "hakuna", maana mzee anaondoka. Haya, mikono yake iko mbele yenu: angekukabidhi wewe hukumu, ungempa nani?