Ufunguo wa Ghala la Pareto

Hapo zamani, si ile zamani ya wanyama kusema bali ile ya pareto kukosa wanunuzi, palikuwa na kijiji kiitwacho Itundulo, juu kabisa milimani, ambako mwezi wa Juni umande huganda na kuunguza majani ya viazi. Katika kijiji hicho palikuwa na ghala la ushirika. Wakulima walikuwa wakianika humo maua ya pareto, na mafundi waliisugua sakafu yake ya saruji mpaka ikawa laini kama sahani, ili lisikwame hata ua moja. Pareto ilipokosa soko, ghala likabaki tupu.

Akaja mgeni wa kanisa kutoka nchi ya mbali yenye baridi. Alipoiona sakafu ile alipiga makofi.

"Kwetu ziwa huganda," alisema, "na watoto huteleza juu yake mchana kutwa."

Aliporudi kwao alituma kasha zima la viatu vya magurudumu. Tangu siku hiyo watu wa Itundulo wakawa watu wa kuteleza. Waliokosa viatu walichonga magurudumu ya mti. Waliteleza watoto, wakateleza vijana, na siku za harusi hata wazee walishikwa mikono wakateleza, kofia zikiwadondoka.

Aliyewafundisha wote hao alikuwa msichana aitwaye Vumilia Tweve. Shambani alikuwa mtu wa kawaida tu, binti wa mama mgonjwa. Juu ya sakafu ile aliitwa mwalimu, na waliomwita hivyo hawakuwa wakimtania.

Mwaka mmoja upepo ukang'oa nusu ya paa la ghala na kuitupa bondeni. Mwenyekiti wa ushirika, Mzee Chaula, akaitisha mkutano.

"Tajiri wa mbao anataka kulinunua ghala," alisema. "Anataka kupanga mbao zake humo. Saruji hii ikinyeshewa na kisha ikapigwa na baridi ya Juni, itapasuka, na hapo hata tajiri hatalitaka. Kwa hiyo sikilizeni. Siku mvua ya kwanza itakaponyesha, nitavua viatu na kutembea sakafu yote, kona hadi kona. Nyayo zangu zikilowa, nauza. Zikiwa kavu, siuzi, na watoto wateleze."

Watu wakapiga makofi. Akawanyamazisha.

"La pili. Ushirika wetu uliuawa na funguo nyingi. Kila mjumbe alikuwa na wake, na magunia yalitoka yakielekea kusikojulikana. Safari hii ufunguo ni mmoja na msimamizi ni mmoja. Atakayeliokoa ghala ndiye atakayeushika, na kile chumba cha mizani tulimopimia maua kitakuwa chake, auzie chai humo."

"Na tukiliokoa wengi?" aliuliza mama mmoja.

"Nimesema ufunguo ni mmoja, mama."

Zilihitajika bati thelathini. Watu wakaamua kuzitafuta kwa mnada wa Jumapili, baada ya ibada, kila bei ikitajwa kwa fedha ya kununulia bati.

Mnada wa Itundulo una desturi yake, na kila mtoto wa huko anaijua. Kitu kinaletwa uani kwa kanisa. Watu wanapandishiana bei. Anayeshinda analipa, anakinyanyua juu ili wote wakione, kisha anasema, "Nimekinunua, nakirudisha." Kinauzwa tena. Anayefuata naye analipa na kurudisha. Kitu kimoja huweza kununuliwa na nusu ya waumini. Lakini mtu akikibeba na kuondoka nacho, mnada umefungwa, na watu huenda makwao.

Vumilia akamtoa jogoo wake. Alikuwa mwekundu, mrefu, mzito kama ndoo ya maji. Majirani wote walileta mitetea yao kwa huyo jogoo, na kila kuku alipoangua, Vumilia alipewa kifaranga mmoja. Kwa vifaranga hivyo alinunua chumvi, sabuni na dawa za mama yake.

"Mwanangu," mama yake alimwuliza, "unamtoa jogoo, au unalitoa jiko letu?"

"Ninautaka ule ufunguo, mama. Nikiupata tutauza chai."

"Na usipoupata?"

"Basi nitakuwa nimemkosa jogoo."

Jumapili ikafika. Mnadishaji alikuwa Mzee Enea Mbilinyi, mtu mfupi mwenye sauti ndefu.

"Mnamwona huyu?" alipaza sauti, jogoo akiwa kwapani. "Huyu akiwika, jua linaomba radhi kwa kuchelewa! Nani anaanza?"

"Bati moja," alisema mwalimu mkuu.

"Bati moja! Mwalimu, hiyo ni bei ya mkia. Na kichwa chake je?"

"Haya, mbili."

"Mbili ya kwanza, mbili ya pili, mbili ya tatu! Lipa, mwalimu."

Mwalimu mkuu akalipa, akamnyanyua jogoo. "Nimemnunua, namrudisha!"

"Karudi!" watu wakaitikia.

Nesi wa zahanati akamnunua, akamrudisha. Karudi! Kwaya ya akina mama wakafungua fedha walizofunga kwenye mafundo ya vitenge, wakachangishana, wakamnunua, wakamrudisha. Karudi! Mchungaji akamnunua, akamrudisha. Jogoo alichoka, akaacha hata kupiga mbawa. Jumla zikafika bati kumi na mbili, na hapo bei ikagoma. Watu wakaanza kutazama viatu vyao.

Mzee Enea akatazama nyuma kabisa, kwenye ukuta. Hapo alisimama kaka yake, Zakaria. Ndugu hao hawakuwa wakisalimiana tangu mama yao alipozikwa, kwa sababu ya kipande cha shamba. Enea alisema mpaka unapita huku, na Zakaria alipanda mstari wa miti ya mipaina upande wa kule, na kipande kilichobaki katikati kilikuwa ndicho kinachozaa viazi vizuri kuliko vyote.

"Kaka Zakaria," Enea aliita.

Watu wote wakageuka.

"Nani ananiita?" Zakaria aliuliza, kama asiyeona.

"Mdogo wako. Mnunue jogoo kwa bati kumi, na ule mstari wa mipaina ubaki hapo ulipouhamishia. Kipande ni chako. Nasema mbele ya watu hawa na mbele ya mchungaji."

"Mimi sikuuhamisha."

"Haya, hukuuhamisha! Mipaina ilitembea yenyewe! Bati kumi, kaka, watoto watalowa."

Watu wakaangua kicheko. Zakaria alijiziba mdomo kwa kiganja, lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika. Akaja mbele, akalipa.

"Nimemnunua," alisema. "Namrudisha."

"Karudi!"

Zikawa bati ishirini na mbili. Mnada ukapata uhai. Mwenye duka la pembejeo alikuwa bado hajaguswa, wala bwana misitu, wala vijana wanaopasua mbao. Mzee Enea alikuwa akiwahifadhi, kama mama anavyohifadhi nyama chini kabisa ndani ya sufuria.

Sasa, karibu na uzio wa kanisa palikuwa na lori limeegeshwa, limesheheni mbao za yule tajiri wa mbao. Dereva wake aliitwa Shomari, mtu wa Handeni, mgeni milimani. Wiki nzima alikuwa amekula viazi asubuhi, viazi mchana na viazi jioni. Akasikia bei ya kuku inatajwa, akasogea.

"Bati tatu," alisema.

"Tatu kutoka kwa mgeni wetu! Ya kwanza, ya pili, ya tatu! Lipa, dereva!"

Shomari akalipa. Akamnyanyua jogoo, akampima uzito, akatabasamu.

"Mungu awabariki sana," alisema, akaondoka naye.

Watu wakasubiri. Walidhani amekwenda kumwonesha utingo wake. Wakasubiri tena. Mwisho mama mmoja wa kwaya akaenda nyuma ya lori, akayakuta manyoya.

"Dereva! Jogoo yuko wapi?"

"Huyu hapa," Shomari alisema, akafunua sufuria. "Karibu, mama. Ila bado mgumu kidogo."

"Hukusema namrudisha!"

"Nimrudishe kwa nini? Ana kasoro gani?"

Yule mama alirudi uani akiwa ameshika kichwa. Jogoo amebebwa, mnada umefungwa. Mwenye duka la pembejeo alikuwa wa kwanza kutoka getini, na alitembea haraka kuliko kawaida yake. Mzee Enea alibaki amesimama peke yake. Bati zilikuwa ishirini na tano, na mnada mwingine ungekuwa Jumapili ya pili yake. Mawingu yalikuwa tayari yameshakaa juu ya mlima.

Wakapigilia bati walizokuwa nazo. Likabaki tundu la ukubwa wa chumba, juu ya katikati ya sakafu.

Jumanne alasiri Shomari alipita ghalani. Alimkuta Vumilia akipanga ndoo chini ya tundu.

"Jogoo alikuwa wa nani?" aliuliza.

"Wangu."

"Hukuniambia, dada."

"Hukuuliza, kaka. Alikuwa mtamu?"

"Mgumu kama tairi."

Vumilia akacheka, kisha akamweleza yote: mnada, mwenyekiti na nyayo zake, na tajiri anayelingoja ghala. Habari za ufunguo hakumwambia. Shomari alisikiliza. Akatoka nje, akapanda juu ya lori, akaanza kufungua turubai lililofunika mbao.

"Bosi, mbao je?" utingo aliuliza.

"Zilikuwa miti hizi. Zimenyeshewa maisha yao yote."

Turubai lilikuwa lake mwenyewe, alilinunua kwa jasho lake. Lori na mbao vilikuwa vya tajiri. Shomari akapanda paani, akalitandaza juu ya tundu, akalifunga kwa kamba, akakaza kila kona mpaka vidole vikachubuka. Hajamaliza kushuka ngazi, mvua ikaanza. Ilinyesha mpaka asubuhi.

Asubuhi hiyo tajiri alikuta mbao zake zimelowa na kupinda. Hakupiga kelele. Alimwita dereva mwingine, akamkabidhi lori, na Shomari akaachwa barabarani na begi lake.

Mzee Chaula naye akaja. Akavua viatu, akavua soksi. Kijiji kizima kilisimama ukutani. Akatembea kona hadi kona, taratibu, akikanyaga kwa visigino na kwa vidole. Alipofika mwisho aliinua unyayo mmoja, akaupapasa. Akainua wa pili.

"Kavu," alisema. "Siuzi."

Watoto walipiga kelele mpaka bati zikaitikia. Mwenyekiti akatoa ufunguo mfukoni.

"Sasa nani ameliokoa?"

Vumilia akasogea. "Mimi, mzee. Wengine wote walitoa kilichozidi, mimi nilitoa kinachotulisha. Bila jogoo kungekuwa na mnada wa nini? Na sifichi: nilimtoa nikiutaka ufunguo huo. Watoto hawa nimewafundisha mimi."

Mzee Enea akakohoa. "Jogoo alikuwa jogoo, mwanangu. Sokoni hafiki hata bati moja na nusu. Kilichomfikisha ishirini na tano ni mdomo huu. Na mdomo huu ulikisema kile ambacho sikutaka kukisema, mbele ya watu. Jogoo hufugwa mwingine. Shamba la baba yangu halifugwi. Mke wangu ananiuliza tutapanda wapi, naye nimjibu nini?"

"Lakini ulimpata kaka yako," alisema Vumilia.

"Nilimpata. Jana alikuja kwangu, akala, akasifu viazi. Ndivyo vya mwisho nilivyovuna kwenye kile kipande."

Watu walicheka, ila Zakaria hakucheka.

Kisha wakamgeukia Shomari, aliyekuwa amekalia begi lake mlangoni. Ndiyo kwanza alikuwa ameambiwa habari za ufunguo.

"Mimi sikujua kama kuna zawadi," alisema. "Lakini mkiniuliza nitasema. Bati zenu ishirini na tano zingeacha tundu, na tundu lingelowesha nyayo za mzee. Leo nyayo ni kavu kwa turubai langu. Nimekosa kazi, na huku simjui mtu. Chumba cha mizani ningekilalia."

"Tundu ni wewe uliyelitoboa!" alifoka yule mama wa kwaya. "Usingemla jogoo, tungefika thelathini!"

"Nilinunua, nikalipa, nikala. Kuna anayesema niliiba?"

"Na mbao zilizolowa?" akauliza Mzee Enea. "Hizo hazikuwa zako."

"Hazikuwa zangu. Ndiyo maana nimekalia begi."

"Wewe hukunidai turubai lako," Vumilia alimwambia, "wala mimi sikukudai jogoo."

Mzee Chaula alimtazama msichana aliyetoa akitaka kulipwa, na ambaye bila kutoa kwake hakuna kilichoanza. Alimtazama mzee aliyetoa bila kuufikiria ufunguo, lakini aliyerudishiwa ndugu. Alimtazama mgeni aliyeharibu bila kujua, akatengeneza akijua, na kwa kutengeneza huko akaharibu mali ya mwingine. Ahadi yake ilikuwa kwa mtu mmoja. Akaunyoosha mkono wenye ufunguo, na mkono ukabaki hewani.

Nje watoto walikwisha kuvaa viatu vya magurudumu, wanasukumana mlangoni, na hakuna anayeruhusiwa kuteleza mpaka apatikane wa kuushika ufunguo.

Basi ninyi mnaonisikiliza, msiuache mkono wa mzee hewani. Je, kati ya Vumilia, Enea na Shomari, ni nani aliyestahili kupewa ufunguo?