Kaa la Moto la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, kabla kiberiti hakijafika mwituni, wanyama walipika uji kama sisi, na aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa jirani kuomba kaa. Sogeeni basi, wanangu, msikie kaa moja lilivyookoa roho.

Chui alikuwa amepiga marufuku: atakayemwambia mwenzake mahali salama pa kunywa maji, ataliwa yeye kwanza. Alitaka kila mtu aende kwa kubahatisha, naye awadake kwa raha zake.

Lakini Bi Pimbi, mdogo kuliko paka, aliishi juu ya jabali na alimwona Chui popote alipojibanza. Kila asubuhi jirani alipokuja kuomba moto, alipewa kaa na neno la mahali salama pa kunywa. Jirani naye akampa anayemjua, jiko hadi jiko. Chui alitafuta neno linaanzia wapi, wapi!

Siku moja wakaja wageni wawili. Digidigi alikuwa amekimbia ukame, na mwanawe alikuwa amekauka midomo. Kila alipopiga hodi aliambiwa moto umezimika, na moshi huo unafuka juu ya paa. Mbweha naye akasema amekimbia ukame. Ukame gani huo wa kumnenepesha mtu, mimi sijui.

Mzee Nungunungu alishikilia kwamba asiyejulikana asifunguliwe. Kindi akasema wafunguliwe wote, mgeni njoo mwenyeji apone. Walibishana mpaka uji ukaungua.

Bi Pimbi aliwapa wote wawili moto. Akamnong'oneza Digidigi, "Kesho tunakunywa kwenye mianzi." Akamnong'oneza Mbweha, "Kesho tunakunywa kwenye kijito cha mawe." Kisha akawaomba majirani wasitoke mpaka awaite.

Kulipokucha akachungulia kutoka jabalini. Kwenye mianzi hakukuwa na Chui. Kwenye kijito cha mawe, ambako upupu umeota kila mahali, Chui alikuwa amejificha katikati ya upupu wenyewe. Kwaru, kwaru, kwaru! Alijikuna mgongo, akajikuna mpaka mkia. Mbweha alipokuja kudai mnofu alioahidiwa kwa kumpelekea Chui neno, Chui alimfukuza hadi ng'ambo ya mwitu, na hajarudi.

Bi Pimbi akashuka hadi kwenye mianzi. Digidigi alikuwa ananywa na mwanawe, na alipomwona akalia.

"Dada, nimepiga hodi milango saba. Hukunijua, ukanipa moto na maji. Mwanangu yu hai kwa ajili yako. Asante, dada."

"Nami nakushukuru," Bi Pimbi akasema. "Neno nililokupa ulilitunza. Jana sikukujua, leo nakujua."

Akawaita majirani waje kunywa, kisha akamshika Digidigi mkono mpaka kwa Mzee Nungunungu. Akasema, "Huyu namjua mimi." Mzee aliinamisha miiba yake kwa aibu, akamwomba Digidigi radhi, akampakulia mtoto uji wa kwanza.

Tangu hapo mgeni akija, Digidigi ndiye anayetangulia kumpa kaa, maana hajasahau ile milango saba.

Nilikoipata hadithi hii ni jikoni, na jikoni naiacha: mgeni usimfungie mlango, lakini siku ya kwanza usimwonyeshe nyumba nzima.