Kwa Nini Mche wa Bangi Hauonyeshi Kama ni Dume au Jike

Mnaona miche hii ilivyofanana? Haikuwa hivi tangu mwanzo. Enzi za mababu wa mababu zetu, kabla watu hawajaujua mmea wa bangi kwa moshi wake, uliwapa kamba na mbegu za kutafuna. Kila shina lilibeba ua la kiume na ua la kike pamoja, na hapakuwa na shina lisilozaa.

Siku hizo, katika nchi ya Ing'wala iliyotawaliwa na Mtemi Mihambo, aliishi mjane aliyeitwa Nyamizi. Alilima bangi na kusokota kamba, naye alikuwa na binti wawili, Mbula na Kalunde.

Mvua ikakatika. Mto ukakauka, ng'ombe wakafa, kikabaki kisima kimoja kilichotoa maji ya matope. Mtemi akawakusanya watu, akasema, "Maji haya hayatutoshi sote. Watakunywa wanaume na watoto wa kiume, maana hao ndio watakaoijenga nchi tena. Kina mama watapewa kidogo. Wasichana watakunywa kitakachobaki."

Hakikubaki kitu. Mbula alikufa mchana, kichwa chake kikiwa mapajani mwa mama yake, ulimi umemvimba hata hakuweza kuaga. Wasichana wengine wakafuata, nyumba baada ya nyumba, mpaka watu wakaacha kulia matangani kwa sababu kulia kunazidisha kiu.

Nyamizi alipomzika Mbula, alimnyoa Kalunde nywele zote, akamvika ngozi kama wavaavyo wavulana, akampeleka kisimani. "Huyu ni Malongo," alimwambia mlinzi. "Ni mtoto wa marehemu dada yangu." Mlinzi akamtazama, akampa kibuyu. Kalunde akanywa, na Nyamizi akageuza uso pembeni.

Wakaishi hivyo, na mvua haikuja. Kalunde alijifunza kutembea kama mvulana, kutema mate kama mvulana, kutoitika aitwapo Kalunde. Lakini mwili haukungoja mvua. Siku moja, akiwa kwenye foleni ya maji, damu ilimchuruzika mguuni.

"Malongo, umejikata wapi?" mlinzi akauliza.

Kalunde akainama, akaiona damu, naye hakuwa ameambiwa lolote kuhusu jambo hilo. Akashikwa na hofu, akapiga kelele, "Mama!" kwa sauti yake mwenyewe ya kike.

Kalunde na mama yake wakaletwa mbele ya Mtemi.

"Umetuibia maji, Nyamizi," alisema.

"Nimemnywesha mwanangu, Mtemi."

"Mimi nimewazika binti zangu wote. Wako ana nini kuliko wangu?"

Kibuyu cha Kalunde kikachukuliwa. Alimpa binti yake ile sehemu ndogo aliyopewa yeye, lakini haikuwatosha wawili. Kalunde akafia shambani, penye kivuli cha mabua ya msimu uliopita, na mama yake akamzika papo hapo.

Kando ya kaburi, mbegu zilizodondoka zilikuwa zimeanza kuchipua kwa umande. Nyamizi akalala kifudifudi, mdomo wake ukigusa miche ile, akasema, "Ninyi mmeona. Msimwonyeshe mtu mlivyo. Jificheni mpaka mwili wenyewe uwashinde. Na kama nchi haina maji, msije mkiwa wa kike. Msije kabisa."

Miche ikamsikia. Ikakua yote sawasawa, myembamba, hakuna aliyeweza kuibagua. Ilipochanua, kila shina lilikuwa dume. Maua yakamwaga vumbi lao la njano juu ya ardhi kavu, kisha mashina yakanyauka yakiwa yamesimama.

Mtemi akaja, midomo imempasuka kwa kiu na njaa. "Nyamizi, mbegu ziko wapi?"

"Hakuna mbegu. Ulitaka wavulana, Mtemi. Hawa wote ni wavulana."

Mihambo akaketi chini, akafunika uso. Hakumwadhibu. Hapakuwa na adhabu iliyobaki.

Mvua ilikuja baadaye, nzito, ikajaza mto. Wavulana waliokuwa wamenyweshwa walikua wenye nguvu, wakajenga nyumba, na hapakuwa na msichana hata mmoja wa kuingia humo; kina mama waliosalia hawakuzaa tena. Wakaenda kuposa nchi za jirani, wakafukuzwa. Nani angewapa binti watu wa Ing'wala? Wakazeeka, wakazikana wenyewe kwa wenyewe. Wa mwisho hakupata wa kumzika.

Nyamizi alihamia bonde la mbali lenye chemchemi, akiwa na konzi ya mbegu za zamani alizokuwa amezificha. Alizipanda penye unyevu, akazipa nafasi, na zilipochanua, nyingi zilikuwa za kike. Watu wa bonde walifurahi na kumwita mama wa mbegu. Yeye alizitazama, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kuanzia msimu ule hadi leo, mbangi wa kike na wa kiume huwa kwenye mashina tofauti. Palipo na maji na nafasi, wa kike huwa wengi. Penye kiu, joto na msongamano, madume huzidi, nao huchanua, humwaga vumbi lao na kufa mapema. Na mche ukiwa mdogo, mkulima anaweza kupiga magoti mbele yake, akaupapasa majani na kuusihi kwa jina lolote alijualo. Haumwambii.