Bi Mwatima na Kinu cha Hewa

Ngano hii alinisimulia shangazi yangu Mashavu, alipokuja kunikanda maji ya moto katika arobaini yangu ya uzazi. Alinikuta nimenuna. Mimi na wifi yangu tulikuwa hatusemezani. Shangazi alitugeukia sote mle chumbani. Alisema tu:

Paukwa!

Pakawa!

Itikieni vizuri jamani, mtoto amelala lakini nyinyi mko macho.

Pakawa!

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha watwangaji. Kila alfajiri, tu! tu! tu! Wanawake walitwanga wawili wawili kwenye kinu kimoja, mmoja akipandisha mchi, mwenziwe akishusha. Mwenye mkono wa haraka alisifiwa. Mwenye mkono wa polepole aliitwa mvivu mpaka wajukuuze.

Sasa, kwenye ua wa mwisho alikaa bibi kizee, Bi Mwatima. Yeye alisimama bila kinu wala mchi. Alipandisha mikono taratibu, fuuu. Akaishusha taratibu, haaa. Alifundishwa kuvuta pumzi hivyo na babu yake, naye babu alifundishwa na mgeni wa Uchina aliyekuja kuuza mabakuli. Mabakuli yote yalishavunjika. Pumzi ilibaki.

Watoto walimchungulia.

"Bibi anatwanga hewa! Bibi, unga umetoka?"

"Umetoka, wajukuu zangu. Leteni ungo!"

Wakakimbia wakicheka. Bi Mwatima naye akacheka, fuuu, haaa. Alikuwa mzee kuliko wote na alichota maji mwenyewe.

Katika kijiji hicho alikuwapo Chiku, aliyejifungua mtoto wake wa kwanza. Chiku aligombana na wifi yake, Kibibi, kwa sababu Kibibi aliazima mchi wake akaurudisha una ufa. Tangu siku hiyo kifua cha Chiku kilikaza kama ngoma iliyoanikwa juani. Maziwa yakawa yanatoka tone, tone. Mtoto akalia, ngaa! ngaa! Chiku akanywa uji wa pilipili manga, tone. Akanywa supu ya pweza, tone. Mtoto akaanza kukonda.

Mama mkwe akamwambia, "Mwanangu, nenda kwa Bi Mwatima."

"Nikatwange hewa mie? Kibibi atanicheka mpaka meno yamuume!"

Lakini usiku ule mtoto hakulia ngaa. Alilia nga, kidogo tu, kama paka aliye mbali. Kulipokucha Chiku akambeba, akaenda.

"Simama hapa," akasema Bi Mwatima. "Panua miguu, kama unataka kunyanyua mchi."

"Mchi uko wapi, Bibi?"

"Si umo kifuani mwako? Tangu Kibibi aurudishe hujautua. Vuta pumzi."

Chiku akalaza mtoto mkekani. Akafanya kama wafanyavyo wanawake wa kijiji kile: juu chini, juu chini, fu-ha-fu-ha! Jasho likamtoka.

"Nimemaliza, Bibi!"

"Umemaliza nini? Hata kuku hajageuka kukutazama. Anza tena."

Akaanza tena. Fu-ha-fu-ha!

"Mwanangu, unatwanga au unafukuza nyuki?"

Mara juu ya ua kikatokea kichwa. Ni Kibibi. "Heee! Kinu hewa, mchi hewa! Wifi, leo tunakula ugali wa upepo?"

Chiku akafura. Akataka kuokota mtoto aondoke.

Bi Mwatima hakupandisha sauti. "Kibibi! Njoo kinuni."

Jamani, katika kijiji kile mwanamke akiitwa kinuni hakatai, hata kama hamsemezani. Kibibi akaingia amebetua midomo. Akasimama mbele ya wifi yake.

"Mpokezane," akasema bibi. "Na asiyetazama mwenziwe atapigwa mchi wa kichwa."

Ikabidi watazamane. Chiku akapandisha, fuuu. Kibibi akashusha, haaa. Kwa kuwa hapakuwa na kishindo cha michi, kila mmoja akasikia pumzi ya mwenziwe. Fuuu, haaa. Polepole. Mabega ya Chiku yakashuka. Kibibi akamwona mtoto pale mkekani, mikono yake imekuwa myembamba.

Kisha akasema, "Wifi, nilikuogopa. Ule mchi niliuangusha jiweni."

"Ungesema."

"Nimesema. Na unga wako ni laini sana, umeniingia puani."

Chiku akacheka. Alicheka mpaka machozi, mpaka akashika mbavu. Mtoto akaamka, ngaa! Na kanga ya Chiku, hapa kifuani, ikalowa chapa.

Bi Mwatima akaichungulia ile kanga. "Haya," akasema, "unga umetoka."

Tangu hapo wanawake wa kijiji kile walitwanga hewa kidogo kabla ya kushika mchi, hata baada ya Bi Mwatima kuzikwa. Na uji Chiku aliendelea kunywa, asije mtu hapa akamwaga wake! Funzo ni hili: hasira ukiikumbatia inakukaza wewe, na anayelala njaa ni asiyekuwamo kwenye ugomvi.

Hadithi yangu imeishia hapo, kinu nimekifunika.

Kesho yake alfajiri nilitoka uani. Nikapandisha mikono, fuuu. Wifi yangu alikuwa akisugua sufuria. Akanitazama, akashindwa kuvumilia.

"Kulikoni? Unafukuza mbu?"

Nikamwambia, "Acha sufuria. Njoo kinuni."