Ukili wa Bi Somoe

Ukili haungoji paa. Jana mlimsikia shangazi yenu akimwambia Tatu maneno hayo, kwa kuwa tangu mafuriko hajadarizi kofia yake hata tundu moja. Leo mmekuja mbio kuniuliza ukili na paa vilikutania wapi. Methali hii ilianza hivi, na mwenye haraka aende zake sasa.

Zamani, katika kijiji cha Kitumbini, harusi ilitaka mikeka miwili: mmoja wa mama wa bibi harusi, mmoja wa shangazi yake. Wakwe wa kike waliitandaza sakafuni na kuitazama kimya. Mkeka uliolala sawasawa ulisifiwa. Uliobenuka ulisimuliwa kisimani mwaka mzima, na aliyebeba aibu yake ni bibi harusi.

Riziki alikuwa amechumbiwa. Mama yake, Bi Somoe, na shangazi yake, Bi Mkasi, kila mmoja alikuwa amefika nusu ya ukili wake, ule utepe mrefu wa majani ya ukindu unaosukwa kwanza, ndipo ushonwe uwe mkeka. Tufani ikapiga. Mapaa yaliruka, minazi ikalala chini, na ukindu wote uliokwisha kutiwa rangi ukaoza kwa maji ya chumvi. Ukili uliosukwa tayari ulipona kwa kuwa ulifungiwa sandukuni. Harusi ikasogezwa hadi baada ya mavuno.

Kijiji kizima kikaingia kushona makuti, asubuhi hadi magharibi. Bi Somoe naye alishona. Lakini kila alfajiri, akishateleka uji, alichuma majani machanga ya mnazi ulioanguka, akayachana membamba, akasuka ukili. Uji ukichemka, aliacha. Kesho yake ukili ule ulikuwa umekauka na kupasukapasuka, maana jani bichi la mnazi halifai mkeka hata kidogo. Alikuwa akiutia motoni na kuanza mwingine.

Riziki hakuelewa. Mtu anasukaje kitu anachojua atakichoma? Alidhani tufani imempeperushia mama akili pamoja na paa, na watu wakipita alikuwa akiufunika ukili kwa ungo. Aliona haya, na haya yenyewe ikamuuma.

Siku moja Bi Mkasi alikuja kuazima panga, akaufunua ungo.

"Wifi, nini hiki?"

"Ukili."

"Wa jani la mnazi! Nyumba haina paa, nawe unacheza? Paa kwanza, wifi. Ukili utangoja."

"Uji haujachemka bado," akasema Bi Somoe. "Nikae bure?"

Shangazi alipoondoka, Riziki akauliza, "Mama, lakini kwa nini hasa?"

"Subiri ukindu mpya, mwanangu."

Paa la Bi Somoe na la Bi Mkasi yaliezekwa wiki moja ile ile. Ukindu mpya ukakauka, ukatiwa rangi, na mawifi wawili wakaendelea pale walipoachia.

Siku ya kutandika ikafika. Mkeka wa Bi Somoe ulilala sawasawa. Riziki aliutafuta mahali ukili wa kabla ya tufani ulipokutana na wa baadaye, asipaone. Kisha ukatandazwa wa Bi Mkasi. Nusu ililala, nusu ikabenuka, kwa kuwa ukili mpya ulikuwa umevutwa mno, ukawa mwembamba kuliko wa zamani. Bi Mkasi akakandamiza pembe hii, ile ikainuka. Wakwe wakatazamana. Riziki alijawa na huruma, akasahau kujionea huruma mwenyewe.

Bi Mkasi akaacha kukandamiza. Akaushika mkono wa wifi yake, akaugeuzageuza.

"Niambie kweli. Yale majani ya mnazi, ulikuwa ukisuka nini?"

"Mkeka huu," akajibu Bi Somoe. "Kuti zito, wifi. Linaufunza mkono kuvuta kwa nguvu, na ukili unataka mkono mwepesi. Kila asubuhi nilikuwa naukumbusha tu."

Bi Mkasi akacheka huku machozi yanamtoka, akawageukia wakwe. "Msimhesabie kosa bibi harusi. Ni mimi niliyesema ukili utangoja paa. Paa nimelipata, mkono wangu siuoni. Shikeni neno langu na mwende nalo: ukili haungoji paa."

Wakwe wakaangua kicheko, wakapiga vigelegele, wakaichukua mikeka yote miwili. Riziki naye, alfajiri ya kwanza kwa mumewe, aliteleka uji, kisha akatoka nje kutafuta jani la mnazi.

Basi sasa mmejua. Mvua haijaacha, kuta hazijakauka, na hapo ndipo neno hili linapotaka kusikiwa. Tatu, ilete kofia yako hapa tuione. Ukili haungoji paa.