Sukari ya Kabla ya Adhuhuri

Nchi ya Tambale ilipojitoa katika soko la pamoja na majirani zake, sukari ikaanza kutozwa ushuru mpakani. Bwana Masalu, tajiri mwenye duka, alikuwa na magunia arobaini aliyoyanunua zamani, lakini naye akapandisha bei mara tatu. Kabula, aliyejifungua juzi, akawa anapewa uji usio na sukari, anashindwa kuumeza.

Jirani yake Nyamizi, mpika chai wa askari wa mpakani, akaingia dukani mbio na mfuko uliofungwa.

"Baba, nunua sukari yangu hii! Hata nusu ya bei ya zamani, ila iwe kabla ya adhuhuri!"

"Una wazimu? Sukari sasa ni dhahabu."

"Asubuhi hii, ndiyo."

Masalu akavua miwani. "Umesikia nini mpakani? Tunarudi kwenye soko la pamoja?"

"Mimi mpika chai tu, baba, usinitie matatani. Unanunua, hununui?"

"Toka!" Masalu akapanda juu ya gunia, akapaza sauti: "Sukari, nusu ya bei ya zamani!"

Adhuhuri ilipofika, duka lilikuwa jeupe, halina hata gunia moja. Jioni, ushuru ulikuwa uleule. Masalu akamkuta Nyamizi kwa Kabula, anakoroga uji.

"Niuzie basi ile yako!"

Nyamizi akafungua mfuko. Ulikuwa na mchanga mtupu.

"Je, kama ningeinunua?"

"Wewe, baba? Ununue kitu maskini anachokikimbia?" Nyamizi akamjazia kikombe. "Karibu uji. Umekolea sukari yako."