Mgeni wa Majimoto Asiye na Barua

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo wanyama walikuwa na serikali yao na mihuri yao, palikuwa na mtaa mmoja mlimani ulioitwa Majimoto. Katikati yake ilibubujika chemchemi ya maji ya moto, bwi bwi bwi, na udongo wote wa pale ulikuwa na joto. Mama Ndezi aliwalaza watoto wake sita juu ya udongo ule bila hata blanketi. Ng'ambo ya mto, hatua chache tu, baridi ilikuwa ya kuua kitoto.

Nchi nzima ilikuwa chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani na Serikali za Mitaa, na waziri wake alikuwa Kiboko. Wizara ile ilikuwa na kazi mbili: askari wawalinde raia, na wajumbe wa mitaa wajue nani analala wapi. Kiboko aliipenda kazi ya kwanza, ya pili akaisahau. Mjumbe wa Majimoto alikuwa Bi Sange, kale kanyama kadogo kama panya, kenye pua ndefu isiyotulia.

Asubuhi moja Kamanda Fisi akapanda mlima na askari nguruwe-pori wanane nyuma yake. Akakunjua jani la mgomba lenye amri na muhuri wa Waziri.

"Wakazi wote wa Majimoto wahamie ng'ambo ya mto leo," akasoma. "Mahali hapa panahitajika kwa usalama wa taifa."

"Usalama wa taifa, au Mheshimiwa anatafuta pa kuoga?" akauliza Mama Ndezi.

"Mama, mimi nasoma kilichoandikwa."

Bi Sange aliwatazama wale watoto sita waliolala wamelundikana, akaona wazi kwamba wakivuka mto hawatamaliza wiki. Aliogopa sana, na katika kule kuogopa akapata la kusema.

"Afande, sikatai," akasema kwa upole. "Ila nina taarifa, na mjumbe akificha taarifa ni kosa. Mtaani kuna mgeni asiye na barua ya utambulisho."

Fisi akasimamisha masikio. "Mgeni gani?"

"Huja alfajiri. Mweupe, mkubwa kumshinda Mheshimiwa, na anapita bila kuacha nyayo. Nimemuuliza jina mara nyingi, hanijibu. Sisi tukihama leo, utabaki naye wewe."

Nyinyi mmeshamjua huyo mgeni, naona mnacheka. Lakini Fisi na askari wake walizaliwa bondeni, kwenye vumbi na jua kali, na ukungu hawakuwahi kuuona hata siku moja.

"Hahamishwi mtu," Fisi akasema, "mpaka huyo ajulikane."

Wakalala pale pale. Alfajiri mgeni akatoka majini taratibu, mweupe, akautandaza mwili wake juu ya mtaa. Miti ikabaki nusu, kisha haikuonekana kabisa. Sauti ya jirani ikawa inatoka mbali. Fisi akamrukia, chwaa, akaambulia viganja vilivyolowa.

"Wewe nani?" akanong'ona.

Hakujibiwa. Na ajabu ni kwamba hofu ikamtoka. Alisimama ndani ya weupe ule, akadhani anamsikia marehemu mama yake akimwita aje kula.

Jua lilipopanda mgeni akatoweka. Fisi akapeleka habari wizarani, na jioni Kiboko mwenyewe akafika, anahema, puu, puu.

"Nitamhoji mimi," akasema. "Nitamvizia humu." Akajitumbukiza kwenye chemchemi, chubwi, na uso wake ukalainika.

Bi Sange akaja na daftari la mtaa. "Samahani, Mheshimiwa. Sheria ya wizara yako inasema anayelala mtaani anaandikwa."

"Andika, andika," Kiboko akasema, macho ameshayafumba. Akatoa mguu wenye tope, akapiga alama.

Siku tatu waliishi hivyo. Kila alfajiri mgeni aliwajia, wakamzunguka, wakamuuliza jina, wakasinzia. Nguruwe-pori waliota mashamba ya mihogo yasiyo na uzio. Kiboko aliota kwamba yeye ni jani linaloelea, hana uzito wala ofisi. Na kila jioni Bi Sange alipita na daftari, nao wakapiga alama bila kutazama.

Alfajiri ya nne upepo ulivuma na mgeni hakutokea.

"Ametukimbia," Kiboko akasema. "Kamanda, tekeleza amri."

Fisi akaisoma tena. Mama Ndezi akaanza kuwafunga watoto mgongoni.

"Tuko tayari," akasema Bi Sange. "Niruhusuni tu niite majina, asije akasahauliwa mtu." Akafungua daftari. "Mama Ndezi na watoto sita. Mimi, Sange. Askari nguruwe-pori, wanane. Kamanda Fisi. Mheshimiwa Kiboko."

"Mimi?" akauliza Kiboko.

"Ni sheria yako, Mheshimiwa, na alama hii ya tope ni yako. Aliyelala mtaani siku tatu na akaandikwa, ni mkazi. Na amri inasema wakazi wote."

Fisi akamtazama Waziri, akautazama mto, akakohoa kidogo. "Mheshimiwa, tukusaidie kubeba nini?"

Kiboko akatoa mguu mmoja nje ya maji. Baridi ya mlimani ikamuuma mpaka kwenye mfupa, akaurudisha upesi. Ndipo kwa mara ya kwanza akawatazama wale watoto sita mgongoni kwa mama yao, akaelewa walikuwa wanapelekwa wapi. Aliona aibu, na aibu ya kiboko haina pa kujificha.

"Nipe hilo jani," akasema.

Akalitia kinywani, akalitafuna polepole, maneno na muhuri, akameza. Kisha akajisogeza pembeni kabisa mwa chemchemi kama mpangaji aliyehamia jana, watoto wapate nafasi ya kulala.

Basi wanangu, anayetunga amri ya kuwahamisha wenzake, kwanza aijue baridi ya huko anakowapeleka.